Hatua Mia Tatu

Mimi ni mdadisi kwa kazi na kwa kuzaliwa. Kazi yangu ni kujitolea kwa mambo ya afya hapa kwetu milimani, Myagdi. Kuhusu kuzaliwa, muulizeni mume wangu. Kwa hiyo mradi ulipoleta programu ya simu ya kuwaangalia wanawake waliojifungua karibuni, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Programu haisikilizi maneno ya mtu. Inahesabu tu simu imetembea hatua ngapi, imepiga mara ngapi, imewashwa saa zipi. Mama akianza kujifungia na kukosa usingizi, nukta yake kwenye simu yangu inageuka nyekundu, nami naenda kumwona kabla mambo hayajafika kwenye kujiua.

Jumatatu nukta ya Bimsara Pun ikawa nyekundu. Kwa wiki mbili alikuwa ameshuka kutoka hatua elfu saba kwa siku hadi mia tatu. Hakumpigia mtu. Saa nane, saa tisa za usiku, kioo kinawaka.

Nikapanda kwao mbiombio, na njiani nikakutana na nani? Bimsara mwenyewe, ana kikapu cha majani ya mifugo mgongoni, mtoto kifuani, anaimba.

"Dada Nandakali, mbona unahema hivyo? Umekimbizwa na chui?"

"Usiku umelala?"

"Kama gunia! Huyu ndiye kaniamsha kwa mateke."

"Na leo umetembea?"

"Tangu alfajiri. Msituni mara mbili, bombani mara moja. Kwani siku hizi unanihesabia?"

Ilibaki kidogo nimpigie bwana wa mradi nimtukane, yeye na mashine yake mbovu. Lakini kuna kitu kilinikereketa. Kitu kibovu hukosea ovyoovyo. Hatua hizi zilikuwa zinashuka taratibu, kila siku kidogo.

"Simu yako iko wapi?"

"Anayo Mama, kwenye patuka yake." Akacheka. "Na wewe nawe! Simu kanunua mwanawe aliyeko Katari, akae nayo nani? Mimi napewa Jumamosi, niongee na baba mtoto. Namba tu ndiyo yangu."

Nilijiona mjinga wa mwisho. Katika nyumba za mlima huu simu hukaa kiunoni kwa mama mkwe, ndani ya mikunjo ya patuka, ule mshipi wa kitambaa. Kwangu pia ilikuwa hivyo miaka tisa, na bado sikukumbuka kuuliza. Mashine ilikuwa imesema kweli tupu, ila si juu ya Bimsara.

Mama mkwe wake, Jasmati, nilimkuta barazani ameshika ungo mtupu. Nikaunganisha viganja, nikamsalimu, nikakaa karibu naye.

"Mama, hulali."

"Nani kasema?"

"Simu yako."

"Basi ina umbea kukushinda." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaishia hapo.

Kwenye mafunzo tuliambiwa tuulize wazi, kwa neno lenyewe, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Ni rahisi ukiwa darasani. Huyu ndiye aliyenikanda kwa mafuta ya haradali nilipozaliwa. Niliogopa, nawaambieni ukweli. Nikauliza.

"Mama Jasmati, unafikiria kujiua?"

Aliugeuza ungo, akaugeuza tena.

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama amekula. "Mwili upo, mimi mwenyewe sipo. Nangoja tu mahindi yavunwe. Nisimwachie mtoto wa watu kazi yote peke yake."

Niliyofundishwa yote yakanitoka. Nilimshika mkono nisimwachie, na kwa mkono wa pili nikampigia nesi wa ushauri wa hospitali ya wilaya. Akasema anakuja na gari, tusimwache peke yake hata dakika moja.

Nilipoinua macho Bimsara alikuwa amesimama uani, kikapu bado kiko mgongoni. Alikuwa amesikia. Akakitua, akachomoa mundu kiunoni, akautupa bondeni kwa nguvu zake zote. Kisha akaja kumwekea mama mkwe wake mtoto mapajani.

"Basi mahindi hayavunwi, Mama," akasema huku analia. "Yaoze. Na ya mwakani yaoze."