Harufu Ilipokwisha

Siku tatu kabla ya Pasaka, ngozi za wanakondoo zilikuwa zimerundikana mlangoni kufika kiunoni, na shimo la maji machafu lilikuwa limeziba. Pandelis alimfunga mdogo wake kamba, akaikaza mara mbili.

"Taratibu, kaka, mimi si mbuzi," Stratis alisema. "Halafu nikifa leo, Jumapili nafufuka, tunakunywa raki."

"Funga domo. Ingia, zibua, toka."

Miaka kumi na tisa walikaa bila kazi yao, wakiuza malimau, tangu viwanda vya ngozi vifukuzwe mjini kwa kunuka. Sasa halmashauri ilikuwa imevirudisha, machinjio na kiwanda chini ya paa moja: mnyama wa hapa, nyama ya hapa, ngozi ya hapa. Ila shimo walichimba moja tu. Pandelis alisema mpaka koo likamkauka kwamba maji ya chokaa, yenye dawa ya kunyonyolea manyoya, hayachanganywi na tindikali. Yakikutana huzaa hewa inayoua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Aliambiwa shimo la pili litakuja na bajeti ya pili.

Bi Lambrini, msimamizi wa halmashauri, aliingia ameziba pua. "Mzee Pandelis, mkuu wa mji yuko getini! Hilo pipa la tindikali bado limejaa?"

"Litasubiri. Stratis yuko chini, na chokaa iko chini."

"Mkaguzi aliyekuja naye akiliona hivyo hatupati kibali. Kesho tunafungiwa, wewe unarudi kuuza malimau barabarani. Ni dakika moja tu!"

"Mama, nakusihi, kuna mtu..."

Bi Lambrini alikuwa ameshafungua bomba la pipa, tindikali ikatiririka shimoni.

Harufu ya mayai viza ilipanda, ikawakaba koo. Halafu, ghafla, ikatoweka.

"Unaona?" Bi Lambrini alishusha pumzi, akacheka. "Imekwisha yenyewe."

Pandelis aliidaka kamba. Marehemu baba yao aliwafundisha hili kabla hata ya kuwashikisha kisu: ikinuka, fanya kazi, ikiacha kunuka, kimbia, pua yako imeshakufa.

"Stratis! Stratis, we! Nijibu!"

Huko mbele utepe wa uzinduzi ulikatwa. Mkuu wa mji alivuta pumzi ndefu, akawageukia wageni. "Kuna anayesikia harufu yoyote hapa? Hakuna!"

Wakapiga makofi. Pandelis alivuta kwa mikono miwili. Kamba ilikuja polepole, nzito, kama inavyokuja ngozi iliyolowa.