Bakuli la Kaburini

Mimi siyo mtu wa kuweka kinyongo. Astaghfirullah, nimeanza na uongo. Mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, na cha mwaka huu nimemwekea Shakeel, mtoto wa marehemu kaka yangu Husein. Nimemlea kwa mikono hii tangu ana miaka tisa, hapa hapa Canada, mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne, na siku lifti ikigoma nilikuwa nampandisha ngazi na begi lake la shule.

Jina langu Kubra binti Alimohamed, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Nina miaka sabini na nne, magoti mabovu, na sauti. Sauti naitaja kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Miaka thelathini nawasomea wanawake marsiya, tenzi za maombolezo, msikitini kwetu Mashia, tukiomboleza Muharram. Wapo wanaonipita sokoni bila kunitambua, lakini nikifungua mdomo tu wanageuka: ee, kumbe Kubra!

Shakeel anasomea udaktari. Siyo wa sindano, wa vitabu. Anaandika juu ya dola, dini na biashara za zama za kati: wafalme wa Kilwa waliopiga sarafu zao wenyewe, dhahabu iliyotoka bara ikapitia Sofala, vitambaa vya Kihindi kutoka bandari ya Kambei, vyombo vya Uchina, na Uislamu ulivyosafiri pamoja na hayo yote. Akaniambia, Shangazi, wewe umezaliwa pale, nisimulie. Basi kila Jumamosi alikuja kutoka huko chuoni kwake, mabasi mawili na treni, akakaa jikoni kwangu, akaweka simu mezani inirekodi, akala kababu zangu. Akiniuliza kwa Kiingereza namwambia sisikii. Nilitaka Kiswahili kimtoke mdomoni, hata kama kinatoka kimevunjika mguu.

Nilifurahi mno, wacha niseme ukweli. Mtoto mkubwa wa miaka ishirini na tisa, ana kazi zake, anakuja kumsikiliza mwanamke mzee! Wenzangu watoto wao hata simu hawapigi. Nilijiona malkia.

Jumamosi moja akasoma kitu kuhusu makaburi ya pwani, namna watu wa zamani walivyokuwa wakijenga nguzo za mawe ya matumbawe juu ya kaburi la mtu mkubwa na kupachika mabakuli ya Uchina ndani ya chokaa. Akasema mengi yameng'olewa, yamebaki matundu tu. Nami sijui ni shetani gani alinipanda. Nikainuka, nikafungua kabati la chini, nikatoa sahani, nikatoa sufuria la pilau, na nyuma kabisa, ndani ya shuka, nikatoa bakuli.

Ni la kijani, kijani cha maji ya bahari yasiyo na kina, na ndani lina ua limechorwa kwa kukwaruzwa, huwezi kuliona mpaka uliinamishe kwenye mwanga. Upande mmoja chokaa bado imeganda.

"Shangazi," akasema, na safari hii Kiswahili kilimtoka chenyewe, "hili limetoka wapi?"

"Zima hiyo, baba," nikamwambia. "Hii si ya watu."

Akachukua simu, akaibonyeza, akailaza kifudifudi. "Nimezima, Shangazi."

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu, Mungu amrehemu. Nikamwambia kwamba babu yake, Alimohamed, mtunza hazina wa msikiti wetu, mtu ambaye mji mzima ulimwachia amana zao, ndiye aliyeling'oa bakuli lile. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wako kwenye sala, baba akanichukua mpaka kwenye kaburi moja porini, karibu na ufuo. Alikuwa na patasi. Mimi nilishika kapu. Hakulitaka kwa ajili ya kuuza, na hakuliuza hata siku moja. Alilipenda tu. Kila tulipopita pale alikuwa analitazama, na siku hiyo uvumilivu ukamwisha.

Makaburi yale yalikuwa na mlinzi, baba yake Somoe. Somoe alikuwa shoga yangu. Tumecheza komborela pamoja, tumegawana maembe mabichi na chumvi, nimelala kwao, amelala kwetu. Ilipoonekana bakuli halipo, watu wakasema mlinzi ndiye kaliuza kwa Mzungu. Wakamnyang'anya kazi. Watoto wakamwimbia barabarani, mwizi wa maiti, mwizi wa maiti. Baba yangu akasikia yote hayo akiwa amekaa dukani kwake, akakata kitambaa cha mteja, akanyamaza. Familia ile ikahamia Lindi. Nyumbani kwetu mama, asiyejua lolote, akawa anatia sharbati ya Muharram ndani ya bakuli lile na kuwagawia watu kwa baraka, wala hakuna aliyelitambua, maana mabakuli ya Uchina yalikuwa nyumba nyingi.

"Babu yako alipokuwa anakufa alinikabidhi," nikamwambia Shakeel. "Akasema, Kubra, hii ni haki ya mtu. Mungu hasamehi haki ya mtu mpaka mwenyewe asamehe. Nenda kaniombee radhi. Wakati huo mlinzi alikuwa keshakufa, kabaki Somoe. Sasa nitakwenda, inshallah Julai. Nitampa mkononi, nitapiga magoti haya haya mabovu mbele yake. Asisikie kwa mtu. Lazima asikie kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi." Akanibusu kichwani, akaondoka na kababu kwenye kopo.

Jumapili ya mwisho wa Aprili akanialika kwenye mhadhara wake, ukumbi mmoja kule Agincourt. Nilivaa buibui jipya. Nikawaambia wenzangu wote, njooni mumsikie mwanangu, na wakaja, jamaa wa Dar, wa Mombasa, wa Arusha, na Mzee Nahashon, Mkenya jirani yangu wa ghorofa ya pili, na suti yake. Watu kama mia mbili. Nikawekwa mbele.

Na alisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alieleza jinsi mfanyabiashara wa Kilwa alivyomkabidhi bidhaa mtu wa Adeni, na wa Adeni akamkabidhi wa Kambei, mmoja Sunni, mmoja Shia, mmoja Mhindu, mmoja Myahudi, wengine hawajawahi kuonana uso kwa uso. Hapakuwa na polisi wa kumkimbilia. Kilichowafunga ni uaminifu. Ikiandikwa barua moja tu kwamba fulani kavunja amana, kila bandari ilimfungia mlango. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote, nikamgeukia Shamshad aliyekaa pembeni yangu nikamwambia, mwanangu huyo.

Kisha akasema, "Sasa msikilizeni shahidi mmoja," na kwenye spika ikatoka sauti.

Zima hiyo, baba. Hii si ya watu.

Ukumbi mzima ukacheka kidogo, kicheko cha kupenda, watu walidhani ni mzaha wa bibi fulani. Mimi sikucheka. Sauti ikaendelea, patasi, kapu, Ijumaa adhuhuri, mwizi wa maiti, baba yake Somoe, na kule juu kwenye skrini Kiingereza kinapita kwa ajili ya vijana. Vijana wanasoma. Wazee hawakuhitaji kusoma. Nilihisi vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Shamshad alinishika mkono, halafu taratibu akauachia. Baba yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakimwekea baba yangu amana.

Sikusubiri mwisho. Nilimkuta Shakeel baadaye nje ya ukumbi, penye kutundikia makoti, anapeana mikono na watu, uso unang'aa.

"Uliniambia umezima."

Akabadilika rangi. Akanivuta pembeni. "Shangazi, nilidhani nimezima. Wallahi. Nilipofika nyumbani nikakuta imerekodi."

"Na ulipokuta imerekodi, ukafanya nini?"

Akaanza kuhangaika na vifungo vya koti lake.

"Nakuuliza wewe! Ukafanya nini?"

"Nilitoa jina lako. Nilitoa jina la Babu. Hakuna aliyejua ni nani."

Loo! Mtoto wa kusoma huyu! Sauti yangu inawaliza watu hawa kila Muharram, halafu yeye kafuta jina akadhani kanificha. Ungemfunika ng'ombe pembe ukasema hayupo.

"Na historia siyo mali ya familia moja, Shangazi," akasema, sasa kwa Kiingereza, haraka haraka. "Yule mlinzi aliitwa mwizi. Watu wana haki ya kujua."

"Haki ya nani? Wewe unamjua? Umewahi kula kwao?" Watu walikuwa wanatutazama na sikujali. "Umeniuza, Shakeel. Umeniuza mchana kweupe upigiwe makofi. Umesimama pale ukatufundisha amana ni nini, na mfukoni unayo yangu imevunjika! Kwangu usije tena. Bandari imefungwa. Usije."

Alilia. Nilimwona. Nikamwacha alie, nikarudi nyumbani na gari la Mzee Nahashon, ambaye, Mungu ambariki, hakunisemesha njia nzima.

Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: niwahi. Video zilikuwa zimerekodiwa mle ukumbini, nimeona simu zilivyoinuliwa, na kutoka Agincourt mpaka Lindi siku hizi ni kubonyeza tu. Nilimpigia Somoe usiku ule, hakupokea, kwao kulikuwa alfajiri. Nikapiga tena. Asubuhi nikapiga mara ya tatu nimeshika bakuli mapajani, kama vile angeweza kuliona.

Akapokea.

"Somoe, shoga yangu, nisikilize kwanza..."

"Nimekwisha kusikiliza," akasema. "Mjukuu wangu kaniletea leo asubuhi. Nimekusikiliza mara mbili."

Nikaanza kueleza, maneno yakanitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Nikamwambia kijana kanisaliti, nilimwambia azime, akaapa kazima, nilitaka nije mwenyewe, bakuli hili hapa, nakuja Julai.

"Julai ya mwaka gani, Kubra?"

Baba alikufa mwaka themanini na tatu. Nilimwambia kulikuwa na safari ya kuhamia Canada, na mume kuumwa, na Shakeel kulelewa, na korona, na magoti. Kila moja ni kweli. Aliniacha nikayataja yote mpaka mwisho.

"Bakuli sina haja nalo," akasema. "Si letu, ni la mwenye kaburi. Lirudishe au ulie wali ndani yake, shauri yako. Mimi nakuuliza kitu kimoja. Baba alipofariki, ulikuja Lindi."

"Nilikuja."

"Siku ya tatu ya matanga. Tulikuwa jikoni, tunapepeta mchele. Wewe na mimi tu."

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mke mpya, na hina bado mikononi. Sikutaka aendelee.

"Nikakwambia, Kubra, baba amekufa watu wakimwita mwizi, na mimi mwanawe sijui nishike lipi. Wengine wananiambia aliiba kweli. Nikakuuliza, wewe unaonaje, baba yangu aliiba? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka.

"Ulinishika mikono, ukalia na mimi, ukaniambia, Mungu ndiye ajuaye." Akavuta pumzi. "Miaka hamsini na mbili nimekaa na jibu hilo. Kuna siku nilimchukia baba yangu kaburini kwake. Kumbe mlikuwa wawili mnaojua."

Nikaita jina lake. Akakata simu.