Rangi ya Mkono wa Sagal

Utepe wa kupimia lishe ulizunguka mkono wa Sagal juu ya kiwiko, ukakazwa, na mshale ukasimama kwenye kijani. Madino, mama yake, aliuona kabla muuguzi hajasema neno. Alishazijua rangi zile. Mtoto wa nyekundu hupewa pakiti za karanga, wa njano unga wa uji. Wa kijani, mama yake hupewa hongera.

"Hongera, mama," akasema Sista Kanini, muuguzi aliyekuja na gari la kliniki kutoka mjini. "Mtoto wako yuko vizuri."

"Sista, hii mtoto iko njaa. Kila siku inalia."

"Utepe umesema kijani. Mimi nibishane na utepe? Endelea hivyo hivyo."

Nyuma yake alikuwa Ugbad, jirani yake tangu walipoolewa. Mkono wa mwanawe Ayanle ulionyesha nyekundu. Pakiti zikaingia kwenye mfuko wa Ugbad moja moja, nyeupe, zinang'aa, na Madino akazisindikiza zote kwa macho. Roho ilimuuma kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

Ukame uliwamalizia mifugo wote wawili. Ugbad hakubakiwa hata na kwato. Madino alibakiwa na mbuzi mmoja wa maziwa na mwanambuzi wake. Kila asubuhi alimfunga mwanambuzi pembeni, akakamua kikombe kimoja, akampa Sagal, ndipo akamwachia mwanambuzi anyonye yaliyosalia. Ni kikombe hicho kilichouweka mshale kwenye kijani. Zamani angemgawia Ugbad bila kuombwa. Tangu pakiti zianze kuja hakumgawia tena, na Ugbad hakuomba.

Kabla ya kuondoka, Sista Kanini alitundika picha kwenye nguzo ya kibanda: papai, samaki, mayai, mboga za majani, maharagwe.

"Sahani ya mtoto iwe na chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili," alisema. "Wali mtupu utajaza tumbo, lakini hautamkuza. Umeelewa, mama?"

"Hiyo tunda inauzwa duka gani, sista?" akauliza bibi mmoja, na wanawake wakacheka.

Sista naye alicheka kidogo. "Mimi kazi yangu ni kufundisha. Lakini mwenye maziwa asimnyime mtoto maziwa. Hilo halihitaji duka."

Madino aliyasikia hayo sawasawa.

Walirudi pamoja. Mlangoni pake Ugbad alimrarulia Ayanle pakiti, mtoto akainyonya amefumba macho. Sagal akasogea akasimama, kidole mdomoni.

"Abaayo, dada yangu, wallahi ningempa," Ugbad akasema. "Lakini sista alitukataza kugawa. Wangu asiponenepa nitaulizwa zilikokwenda."

"Nani amekuomba?" Madino akamshika Sagal mkono, akampa Ugbad mgongo.

Wivu ule ulilala naye na ukaamka naye. Ugbad asiye na mbuzi ndiye anayelishiwa mtoto. Yeye aliyehangaika na kikombe chake, hongera. Mumewe, Siyad, alikuwa Mandera akitafuta kibarua. Hapakuwa na wa kumuuliza. Asubuhi hiyo hakumfunga mwanambuzi. Alimwacha amfuate mama yake, akanyonya mpaka povu likamtoka mdomoni.

Sagal alikuja na kikombe chake.

"Kesho," Madino akamwambia, akammiminia chai ya rangi.

Kesho yake akasema kesho. Alijiambia ni mpaka gari lirudi tu, mshale ushuke, kisha pakiti zitamrudishia mtoto kila kitu. Mwanambuzi akanawiri, akawa anaruka juu ya mawe. Sagal akaacha kulia. Halafu akaanza kuharisha, akaacha na kuja na kikombe.

Gari liliporudi, mshale ulisimama kwenye nyekundu. Furaha ikamjaa Madino kifuani, akainamisha uso watu wasiione.

"Huyu si alikuwa kijani?" Sista Kanini akakunja uso. "Kumetokea nini?"

"Tumbo, sista. Tumbo inaharibika."

Mkono wa Ayanle ulionyesha kijani. "Hongera, mama. Mmemaliza, hakuna pakiti tena," sista akamwambia Ugbad. Ugbad alizitazama pakiti zilizopangwa mbele ya Madino, akazitazama kwa jicho lile lile ambalo Madino alilijua vizuri. Madino alilifurahia jicho hilo.

"Ale hapa nione," akasema sista, akararua pakiti.

Sagal alifumba mdomo. Sista akampaka karanga kwenye midomo, ikateremka kidevuni. Madino akamfungua mdomo kwa vidole, akamwekea ulimini, nayo ikatoka ilivyoingia.

"Kula, mama. Kula, ni yako."

Sista Kanini alimgusa mtoto shingoni, kisha akazirudisha pakiti kwenye sanduku. "Asiyeweza kumeza hizi hazimfai. Huyu ni wa hospitali ya Garissa, na ni leo."

Ayanle aliiokota ile iliyoraruliwa. Mama yake hakumzuia.

Gari la kliniki lilikuwa na vijiji vingine vya kufika, kwa hiyo dereva wa gari la wagonjwa la pale kijijini, Daud, akaitwa kutoka kivulini. Alimsikiliza sista, akajikuna shingo, akamgeukia Madino kwa Kisomali, akimwita shangazi.

"Gari ni hili, eeddo, sikukatalii. Mafuta ya Garissa ndiyo sina. Huu mwezi hatujaletewa."

Madino akamtazama sista. Sista Kanini alikuwa akiikunja picha ya papai.

Mwanambuzi alikuwa amewafuata mpaka kibandani, kwa kuwa siku hizi hakufungwa. Daud alimwona.

"Yule ni wa nani? Muuza mafuta kule njiani hupokea mbuzi badala ya pesa."

Hakungoja jibu. Alimshika, akalizungushia paja lake vidole, akakaza, akaachia.

"Huyu amelishwa vizuri," alisema.

Akamfunga miguu, akamlaza garini, kisha akamshikia Madino mlango aingie na mtoto.