Heshima ya Mama wa Kalundu

Goti lilikuwa limevimba hata kipande cha kitenge hakikuweza kulizunguka mara mbili. Agnès aliketi chini mbele ya ofisi ya msimamizi wa bandari ya Kalundu, mgongo ukutani, mguu ameunyoosha juani. Siku ya tatu hiyo tangu ubao wa kupandia mashuani ukatike chini yake, gunia la unga wa muhogo kichwani, na goti likalifikia jiwe kabla ya mikono.

Ubao ule haukuwa wao. Wao, akina mama wabeba mizigo, walikuwa na ubao wa libuyu, mti mgumu usiooza upesi, mpana, mzito, waliouchoma herufi kwa msumari wa moto: MAMA WA KALUNDU. Watu wa msimamizi waliuchukua. Kazi ya serikali, walisema. Wakawaachia kipande cha mtumbwi mkuukuu, kimeoza penye misumari.

Déogratias, msimamizi mwenyewe, alitoka akichokonoa meno. Viatu vyake vilichongoka mbele kama mdomo wa ndege. Mtu ambaye hajabeba hata mto wa kulalia, aliwaza Agnès, na miguuni amevaa sururu kama anakwenda kuchimba.

"Mama Agnès. Ungali hapa?"

"Nangojea bon, ile karatasi ya hospitali, Shefu. Daktari anasema mguu ikikauka hivi, sitapanda tena mashua. Na bila bon yenye kashe yako, muhuri na saini, hospitali hawanipokee."

"Ulianguka juu ya nini?"

"Ubao ilikatika."

"Ubao gani? Minye sikuone ubao. Niliona mama muzito." Akacheka, akangoja naye acheke. Agnès alitazama viatu.

Déogratias akachutama, manukato yake yakimtangulia. "Sikia. Leo Mheshimiwa anakuja kuona bandari. Bila weye wale wamama wanaimba kama wako ku matanga. Utaongoza wimbo, utacheza kidogo, kiisha nasaini. Karatasi iko hapa." Akapiga mfuko wa shati.

"Nitaimba nikikaa."

"Mheshimiwa haimbiwe na mutu mwenye kukaa."

"Mguu haitanibeba."

"Itakubeba. Uko mama wa nguvu, kila mutu anajua."

Kwa sifa hiyohiyo alikuwa amewabebesha magunia miaka kumi na mmoja.

Mheshimiwa aliyengojwa saa nne alifika saa saba. Polisi mmoja alimshikia mwavuli, mwingine simu. Kichwani alivaa kofia ngumu ya wajenzi, ya njano, karatasi ya dukani bado imebandikwa kisogoni. Akapanda jukwaa jipya la mbao walipoketi wageni wake, akalitazama ziwa kana kwamba limewekwa pale kwa barua yake.

Claire, aliyebeba magunia pamoja na Agnès tangu mwanzo, alimkazia kitenge gotini.

"Dada, usicheze. Imba tu."

"Anaangalia."

"Mwache aangalie mpaka macho imuume."

Agnès alisimama kwa mguu mmoja, akaanzisha wimbo. Baba amekuja, aliimba, baba wa mayatima, na kila neno lilimkwama kama mwiba wa samaki. Baba gani huyu, mara ya mwisho alionekana kwenye karatasi za uchaguzi, akicheka juu ya ukuta wa choo cha soko. Akina mama wakaitikia. Pembeni, Déogratias alizungusha kidole hewani: cheza.

Akacheza. Hatua ya kwanza alimwegemea Claire. Ya pili aliuma meno. Ya tatu, kitu kiliteleza ndani ya goti, na Agnès akaenda chini, magoti yote mawili, viganja mbele, chini kabisa ya jukwaa.

Wimbo ukakatika. Kisha jukwaa zima likapiga makofi.

"Mnaona," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti, mkono kifuani. "Mama amenipigia magoti. Hii ndiyo heshima ya Kalundu. Na wengine wajifunze."

Claire alitaka kumwinua. Mpiga picha akamsogeza kwa kiwiko, akachutama na kamera yake.

"Mama, bakia vile. Usisimame."

Agnès hangeweza kusimama. Mbele ya macho yake, ukingoni mwa jukwaa, kulikuwa na ubao wa libuyu, na juu ya ubao herufi nyeusi zilizochomwa kwa msumari: MAMA WA KAL. Zilizobaki zilikuwa chini ya kiatu cha Mheshimiwa. Nyuma ya kiatu, Déogratias alipiga makofi, mikono juu, na ile karatasi, haijasainiwa, ilichungulia mfukoni mwake, ikirukaruka kwa kila kofi.