Rangi Chini ya Taa

Bi Mwaija alileta pikipiki kibandani kwangu Bagamoyo, ikisukumwa na majirani wawili. Mwanawe, Ausi, alikuwa amelazwa, mguu umevunjika. Alikuwa akikata kulia pale Chalinze, lori lililokuwa nyuma yake likamgonga. Dereva alisema hakuona ishara. Ausi aliapa kwamba aliwasha taa.

"Mtaa mzima unamwita mwongo," alisema Bi Mwaija. "Wewe fundi, nambie. Hata likiwa chungu, nambie."

Nilifungua taa ya kulia. Globu niliigusisha kwenye betri, ikawaka. Waya ulikuwa mzima, na swichi pia. Nikairudisha taa mahali pake, nikawasha: giza.

Ndipo nikatazama chuma kinachoishika. Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma hicho, na rangi huuzuia. Nacho kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu pande zote. Nikaikwangua kwa kisu, nikafunga tena. Taa ikawaka.

"Alhamdulillahi! Na nani huyo aliyepaka?"

Sisi wa pwani hatuachi chuma kitupu, kwa kuogopa chumvi. Mwezi uliopita Ausi aliniletea taa hizi nimfungie. Nilizijaribu, zikawaka, kisha nikavifungua vyuma vyake nikavipaka rangi, bila kuombwa. Sikuzijaribu tena. Ausi alinishukuru sana.

"Ni mimi, Bi Mwaija. Mwanao hakusema uongo."

Alijitanda kanga yake vizuri.

"Basi vaa kofia yako," akasema. "Hayo utayasema mbele ya Ausi, na mbele ya hao waliomcheka. Mimi sitakusemea."