Machela Haikai Chini

Katika kitongoji chetu pale Mbuba, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela ya mianzi. Wanaume hubeba wanne wanne wakipokezana, wanawake hufuata na maji na uji. Machela ikishainuliwa haikai chini mpaka mgonjwa apokelewe, hata mabega yakichubuka. Wazee husema ukiishusha njiani, umemwambia mgonjwa kwamba safari yake imeishia hapo.

Mimi ndiye niliyeshika daftari la machela. Shule niliiacha darasa la tano, lakini mwandiko wangu ulisomeka, na kuandika hakukunilazimu kusema mbele ya watu. Kila safari niliandika nani kabeba na nani kafuata.

Niragira alikuwa mwanamke aliyetoka Burundi, akawa analima kwetu kwa chakula na kibanda cha kulala. Hakuwa na karatasi yoyote. Kama aliwahi kuandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, sijui, sikumwuliza. Mara tatu machela ilipotoka alifuata na mtungi wa maji kichwani bila kuitwa na mtu. Mara tatu nilimwandika, kwa penseli. Mzee Telesfori, mkubwa wa machela, aliliona jina lake akasema, "Suzan, siku hizi unaandika hata wapita njia?"

Niliinamisha kichwa, lakini sikufuta.

Mwezi wa sita jembe lilimteleza Niragira shambani kwetu, likamkata mguu. Mama alimfunga majani. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, kidonda kinanuka, naye kwa homa alikuwa anaongea na mama yake aliyekwisha kufa. Mama akaenda kwa Mzee Telesfori.

"Wakimbizi wana hospitali yao Lukole," mzee alisema.

"Lukole atafika maiti. Na jembe lililomkata ni langu."

Ilikuwa siku ya soko. Wanaume waliopatikana ni Xavery, Elick na Sabiti tu. Mzee Telesfori aliwatazama, akavua koti, akaingia wa nne. Hapakuwa na mtu wa kupokezana nao. Mimi nilifuata na mtungi wa Niragira kichwani, daftari kwapani.

"Xavery, punguza urefu," Elick alisema mlimani. "Mgonjwa anateremkia kwangu."

"Kunywa uji zaidi, utanifikia."

Tulifika zahanati jua limepanda. Muuguzi, Mama Deodata, alitoka mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumekuletea mgonjwa."

Alimsalimia Niragira, naye akajibu kwa Kirundi. Mama Deodata akarudi nyuma hatua moja.

"Barua ya mwenyekiti iko wapi?"

"Mwenyekiti yuko Ngara mjini."

"Mzee, huyu ni wa kambini. Nimeambiwa dawa za hapa ni za wanavijiji. Nikimtibu bila barua nitaulizwa mimi. Mshusheni kivulini, mtu akamfuate mwenyekiti."

"Machela yetu haikai chini mpaka mgonjwa apokelewe."

"Basi simameni," alisema, akaingia ndani.

Wakasimama. Jasho la Mzee Telesfori lilidondoka kidevuni, na mwanzi ukamzama begani. Niragira akasema polepole, "Mzee, nishusheni tu."

"Nyamaza, mwanangu," mzee alisema.

Nikatua mtungi. Nikaingia kwa Mama Deodata nikiwa sijui nitasema nini, nikafungua daftari, nikaanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Unasemaje? Sikusikii."

Nikaanza upya, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilisoma safari ya kumbeba bibi Adelfina: waliobeba, waliofuata, Niragira, maji. Safari ya mtoto wa Sabiti: Niragira, maji. Safari ya tatu, siku ya mvua, wanawake wawili tu waliofuata, na mmoja alikuwa Niragira.

Mama Deodata alichukua daftari, akatoka nalo nje. Aliwatazama wale wanne wakiwa chini ya mianzi.

"Mzee, huyu ni mtu wenu?"

Mzee Telesfori alinitazama mimi kwanza.

"Yumo kwenye daftari," alisema.

Muuguzi akafungua kitabu chake cha wagonjwa, akaandika jina, na penye makazi akaandika Mbuba. "Mwingizeni. Na wewe mzee, ukishamaliza, kaa kabla hujawa mgonjwa wa pili."

Alimsafisha kidonda, akamchoma sindano siku saba. Mguu ulinusurika.

Mwezi wa nane tulimbeba Elick, kaanguka mtini. Niragira alifuata akichechemea, mtungi kichwani. Tuliporudi, Mzee Telesfori alikuja nilipokaa na daftari.

"Umemwandika?"

Nikamwonyesha. Jina lilikuwa pale, safari hii kwa kalamu ya wino.