Abiria wa Mzee Alfred

Nianze kwa kusema kwamba Mzee Alfred si mtu mbaya, maana nitamsema sana hapa, na anayesoma nusu anaweza kunielewa vibaya. Kwenye majengo yetu matatu ya kupanga, hapa Minnesota, Marekani, kusini mwa mji, kabla hujafika Lakeville, hakuna mtu wa Afrika Mashariki ambaye hajapanda gari lake la viti saba. Ni Mkenya wa Kisii, ana miaka sabini na mmoja, alistaafu uuguzi, na tangu mkewe Margaret afariki kazi yake ni kutupeleka kazini. Kila asubuhi simu inalia, unapokea, anasema maneno mawili tu: "Niko nje." Unashuka, unalikuta gari linanguruma, lina joto, nyimbo za injili zinaimba. Anapeleka sita, anarudi, anapeleka sita wengine. Ukimpa hela ya mafuta anausukuma mkono wako. Ukimpa chapati anapokea.

Mimi ni Haika, natoka Moshi, mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nina kifafa. Kilinianzia hapa hapa Minnesota nikiwa na miaka thelathini na tatu, na tangu hapo siruhusiwi kuendesha gari. Kanisani walininong'oneza nisiseme, niseme ni kizunguzungu. Nilisema ni kifafa. Sina muda wa kutunza uongo, nina zamu.

Kitongoji kama chetu, bila gari, ni kifungo. Duka la karibu liko ng'ambo ya barabara ya njia sita, na hakuna mahali pa kuvukia. Njia ya waenda kwa miguu inaanza mbele ya benki na kuishia kwenye majani, kana kwamba fundi alikwenda kula akasahau kurudi. Kuna basi moja tu la mzunguko. Linapita langoni kwetu saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, linakwenda hospitali, nyumba yetu ya wazee, chuo, hadi kituo cha mabasi ya mjini. Chuo hicho kilikuwa kimenikubali kuanza masomo ya uuguzi Agosti, na hesabu yangu ilikuwa kutoka kazini mchana na kwenda darasani kwa basi hilo. Asubuhi lakini nilikuwa silipandi. Kwa nini nigande kituoni na Mzee Alfred yuko nje?

Asubuhi moja ya Januari gari la Mzee Alfred lilikuwa gereji. Nikaenda kituoni, kama nguzo iliyozama nusu kwenye theluji inaitwa kituo. Kwenye nguzo palikuwa na tangazo ndani ya plastiki. Basi lingeondolewa Juni kwa kukosa abiria. Wiki mbili za mwisho za Februari zingekuwa za hesabu ya mwisho: safari ya asubuhi ikipata wastani wa abiria kumi, basi linabaki. Nililisoma mara tatu, na baridi yote niliyokuwa nayo ikageuka hasira.

Saa ya chai nikapiga namba ya ofisi ya kaunti iliyoandikwa pale. Alipokea mama mmoja anaitwa Susan, mpole, ana sauti ya mtu aliyetukanwa tangu asubuhi.

"Asubuhi wanapanda watatu," akasema. "Ni vigumu kutetea basi la watu watatu."

"Najua watu kumi na wawili wanaokwenda njia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kila siku."

"Wanasafirije?"

Nikasema kweli. "Kwa gari la Mzee Alfred."

"Basi hao sisi hatuwaoni," akasema Susan, na hakusema kwa ubaya.

Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa kwenye chai, nilimfuata Mzee Alfred. Mimi na Utanzania wangu humwamkia shikamoo. Yeye hujibu anavyotaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Poa sana, mama."

"Nina ombi. Wiki mbili za mwisho za Februari, usitubebe."

Alikuwa na andazi mkononi. Akaliweka chini. "Nimewakosea wapi?"

Nikamweleza habari ya tangazo. "Kaunti inaona watu watatu," nikasema. "Sisi wengine tumo ndani ya gari lako. Wema wako unatuficha." Hilo la mwisho nililisema vibaya, tena mbele za watu.

Rahab alikuwa anamimina chai. Anakaa ghorofa ya juu yangu, ni rafiki yangu, na mdomo wake haujui foleni. "Haika, wewe nawe. Gari iko, heater iko, unataka tusimame hapo nje tu-freeze ndio kaunti ituone? Si watatuona kwa emergency." Watu wakacheka.

"Na Mzee akifa?" nikauliza.

Kicheko kikakatika. Nilijua nimeharibu, lakini maneno yalishatoka, nikaendelea nayo. "Au akiugua. Au akichoka tu, akitaka kulala mpaka saa mbili kama wastaafu wenzake. Tutakwenda vipi kazini? Mimi chuoni nitakwenda vipi?"

Mzee Alfred akachukua andazi lake. "Nikifa mtanizika," akasema. "Nikiwa hai, nita-drive." Akatoka bila kumaliza chai.

Nikaanza mwenyewe, Jumatatu iliyofuata. Nilinunua koleo la theluji, nikawa nashuka saa kumi na moja na nusu kufukua kituo, kwa sababu gari linalosafisha barabara lilikuwa linasukumia theluji yote pale pale tunaposimama. Abiria wale watatu niliwakuta: mpishi wa hoteli kutoka Mexico na mabinti wawili wa Kisomali wanaosoma. Dereva alikuwa Mkongo, Bonheur, na aliponiona na koleo siku ya tatu akanipa fulana ya kung'aa, zile za mafundi wa barabara.

"Vaa hii, mama. Chauffeur mwingine asikugonge," akasema. "Leo tena uko peke yako?"

"Watakuja."

"C'est bon, sawa. Tutawangoja."

Hawakuja. Kila asubuhi gari la Mzee Alfred lilipita mbele yangu polepole, likapiga honi mara mbili. Anashusha kioo, joto linanipiga usoni. "Ingia, Haika." Najibu, "Asante Mzee, nasubiri basi." Nyuma yake Rahab ananipungia mkono wenye glavu kama malkia. Siku moja nilimshawishi Rahab asimame nami. Alisimama dakika nne, honi ikalia, akaingia ndani akisema ataniombea. Niliumia, sitaki kudanganya. Wiki ya tatu hata nilianza kuhesabu siku zilizobaki kwa uchungu, maana wale sita wa kutimiza kumi nilikuwa nawaona kabisa, wamekaa pamoja, wana joto, wananipita.

Ikafika Alhamisi, siku nne kabla ya hesabu. Usiku theluji ilikuwa imemwagika sana. Nilikuwa nimeinama nafukua, nimevaa fulana ya Bonheur, taa ya barabarani juu ya kichwa changu, niliposikia gari. Niliinuka. Gari la Mzee Alfred lilikuwa linanijia moja kwa moja, bila kupunguza mwendo, taa zake zimenijaa mwilini. Nilitupa koleo na kurukia lundo la theluji. Gurudumu la mbele likapanda ukingo, likavunja mpini wa koleo, gari likasimama mahali nilipokuwa nimesimama.

Nikafungua mlango wa abiria. Alikuwa peke yake, amekuja kunibembeleza kabla ya kuwachukua wengine.

"Sikukuona," akasema.

"Mzee, nang'aa mwili mzima."

"Sikukuona, Haika."

Nikaingia, nikafunga mlango. "Tangu lini?"

"November. Daktari alisema ni presha ya macho. Pembeni sioni. Akasema giza ikiingia nisi-drive, nirudi December aangalie kama nita-need operation. Sikurudi."

"Na watu kumi na wawili unawabeba."

"Hii njia naijua."

"Njia unaijua. Mimi je?"

Wipa zilikwenda na kurudi. Kisha akaongea bila kunitazama. "Margaret alipokufa mlijaa kwangu siku tisa. Siku ya kumi nilikaa na kikombe changu, hakuna simu ililia. Ya kumi na moja, hivyo hivyo. Ndio nikaanza ku-drive. Nikiacha, nani atashika simu yangu?"

Nilimwonea huruma, na hapo hapo nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kumng'oa kwenye kiti. Mtu mzima, muuguzi mstaafu, angeweza kutuua sita kwa mara moja kwa sababu ya upweke. Na upweke huo sisi ndio tuliuacha, tukampa chapati zetu tukadhani anafurahia kuamka saa kumi.

"Gari linarudi maegesho sasa hivi," nikasema. "Waambie limeharibika. Siri ya macho ni yako, nitakutunzia mpaka Jumatatu. Jumatatu nikiliona gari hili barabarani jua halijatoka, nitasimama katikati ya kanisa na kusema."

"Wewe ni mkali sana."

"Nina kifafa, Mzee. Nilikisema, nikapoteza leseni, na bado nipo. Wanakusikiliza wewe, hawanisikilizi mimi. Hawajawahi kupuuza simu yako hata siku moja."

Nilitembea mbele ya gari na kipande cha koleo mkononi, hatua kwa hatua, mpaka akaegesha. Kisha nikakimbilia basi. Siku hiyo na kesho yake wenzangu walikwenda kazini kwa magari ya kukodi, wakalalamikia bei kwenye kundi letu la WhatsApp. Mzee Alfred hakuandika kitu. Jumapili hakuja kanisani.

Jumatatu, siku ya kwanza ya hesabu, nilikuwa kituoni na koleo jipya kabla ya saa kumi na mbili. Nilifukua mahali pa kusimama watu ishirini, kwa ubishi tu. Mpishi alikuja, mabinti walikuja. Wanne. Saa kumi na mbili na dakika tano simu ikalia.

"Niko nje," akasema Mzee Alfred.

Damu ikanipanda. "Mzee, tulikubaliana nini?"

"Niko nje, Haika. Geuka."

Niligeuka. Kwenye maegesho gari lake lilikuwa palepale, limefunikwa na theluji ya siku nne. Yeye alikuwa anakuja kwa miguu, na koti lake refu la kanisani na fimbo ambayo sijawahi kumwona nayo. Nyuma yake, kwa mstari mmoja, wakikanyaga alipokanyaga, walikuja watu watano. Wa mwisho alikuwa Rahab, na nilimsikia kabla sijamwona vizuri.

"Ametupigia simu wote, 'niko nje, niko nje'," alikuwa anasema. "Nashuka napata mzee na fimbo. Gari hakuna. Ningemwachaje atembee pekee yake kwa hii ice?"

Basi lilitokea. Bonheur alifungua mlango, akatuangalia, akatabasamu. Mpishi akapanda, mabinti, mimi, kisha wale watano wakipapasa mifuko kutafuta sarafu. Nilisimama karibu na dereva nahesabu vichwa. Barua iliyokuja Aprili kusema basi linabaki ninayo kabatini, imekunjwa vizuri, lakini ninachokumbuka ni ile hesabu ya kwanza. Tisa.

Mzee Alfred alikuwa bado chini, ameegemea fimbo. Ametuleta, kazi yake imekwisha, na mbele yake kuna nyumba na kikombe. Nilitaka kumwita. Nikajizuia, kwa sababu nilishamlazimisha vya kutosha, na hili lilikuwa lake.

"Mzee, unapanda?" Bonheur akauliza.

Akainua fimbo, akaiweka kwenye ngazi, akapanda taratibu. Alilipa kwa sarafu, moja moja, akizitazama kwa karibu sana. Rahab alikuwa ameshakaa.

"Na wewe unaenda wapi asubuhi yote hii?" Rahab akamuuliza.

Mzee Alfred aligeuka kutuangalia sote. Alishika bomba la kushikia, na alisema kwa sauti ile ile anayosomea matangazo kanisani.

"Naenda hospitali, kwa daktari wa macho. Aliniambia tangu November nisi-drive kwa giza. Nimewabeba hii winter yote na siwaoni vizuri. Alhamisi karibu niue Haika. Naomba mnisamehe."

Basi liliondoka. Tukapita benki. Nilimwona Rahab anafuta macho kwa glavu, yeye ambaye huwa hakosi neno. Kisha akatoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa," akamwambia. "Na kesho utatupigia saa ngapi?"

Mzee Alfred akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Saa ile ile," akasema. "Mtoke mapema, basi haingojangi mtu."